Maduara ya Mlima Itumbili

Runzewe,
3 Novemba 1997

Kwa Bwana Kamrudin, fundi, Shinyanga mjini.

Shikamoo Mzee. Hunifahamu. Mimi ni Salvina Ansgar, katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo wa mlima Itumbili, huku Runzewe. Nimeelekezwa kwako na Bujiku, dereva wa basi la Kahama, ambaye redio yake uliifufua watu wakiwa wameshaikatia tamaa.

Nina kompyuta inayougua. Wataalamu wa utafiti walituachia walipofunga kambi yao. Tunaiwasha kwa jenereta ya karasha, siku ambazo karasha haisagi mawe. Siku hizi inatoa mlio kwa ndani, kama mtu anayemenya karanga, halafu kioo kinaganda na kuandika Kiingereza cha kutisha.

Ningekuwa na barua za kikundi tu humo nisingekusumbua. Mlima wetu umetobolewa tangu enzi za mkoloni. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yamezibwa juu, mengine yamepandwa mihogo, lakini chini bado ni mashimo na yamejaa maji. Anayechimba duara jipya akilitoboa la zamani kwa ubavuni, maji yanamfuata humohumo. Tumeshazika vijana kwa sababu hiyo. Ndipo mimi na mzee Makoye, aliyechimba mlima huu tangu ujana wake, tukaupima wote kwa futi kamba na dira. Yeye alikuwa ananionyesha na kunisimulia, mimi napima na kuandika. Kila duara lina jina lake, kina chake, na upande ambao njia zake za chini zinaelekea. Miaka mitatu tumetembea mlimani. Karatasi tulizoandikia zimeliwa na mchwa, na printa hatuna. Vyote vimo kwenye kompyuta hiyo tu.

Naomba unijibu kama inatibika, na nifanye nini wakati nasubiri.

Wako katika matumaini,
Salvina Ansgar (Mama Rosemary)


Shinyanga,
10 Novemba 1997

Shikamoo Mama Rosemary,

Barua yako aliipokea baba, akaisoma mpaka mwisho, akanisukumia mezani akisema, "Hii ni yako." Baba ni fundi wa redio na taipureta. Kompyuta ni zangu. Naitwa Gulnaz, ni binti yake. Nilisomea kazi hii Nairobi nikarudi kukaa nyuma ya duka lake. Kama ulitaka fundi mwanamume mwenye mvi utanisamehe, Shinyanga nzima hayupo.

Kwanza: usiiwashe tena. Nakuomba sana. Ndani kuna diski, ni sahani ngumu inayozunguka kwa kasi, na juu yake kuna kichwa chembamba kinachosoma. Huo mlio wa karanga ni kichwa kinahangaika. Kila ukiiwasha unakipa nafasi nyingine ya kuikwaruza sahani.

Kama sehemu ya kuingizia flopi ingekuwa nzima ningekwambia uiwashe mara moja tu, unakili kazi yako kwenye flopi, uzime. Je, ni nzima?

Kama si nzima, niletee kompyuta yenyewe. Ifunge kwa blanketi, isiwekwe juu ya keria ya basi, ipakatwe kama mtoto mchanga. Nitatafuta diski mpya.

Wako,
Gulnaz Kamrudin


Runzewe,
17 Novemba 1997

Binti yangu Gulnaz, marahaba.

Sitaficha, niliposoma kwamba fundi ni msichana niliiweka barua chini. Kisha nikakumbuka maneno waliyosema wanaume wa hapa siku waliponiona na futi kamba mlimani. Nikacheka peke yangu.

Kidomo cha flopi kimejaa vumbi la karasha, hakimezi kitu. Kwa hiyo naileta. Mpwa wangu Gregory ataipakata mpaka kwako. Nimeifunga kwa blanketi na kanga mbili. Kanga usizirudishe.

Huku mvua zimeanza kwa vurugu, redio inasema mwaka huu zitapita kiasi. Mashimo ya chini kabisa yameingia maji, na vijana hawana pa kuchimbia. Mwenyekiti wetu, Mabula, anataka kufungua duara jipya upande wa magharibi ambako ni juu. Nimemwomba asubiri vipimo. Amekubali kwa shingo upande. Ana watu wa kulisha, na si wake peke yake.

Mzee Makoye anakusalimu.

Salvina


Shinyanga,
2 Desemba 1997

Shikamoo Mama Rosemary,

Gregory alifika magoti yakiwa yamekufa ganzi lakini mzigo mzima. Kanga ni nzuri mno, mama yangu ameshajitwalia moja.

Habari ya furaha: binamu yangu Zahid amenipatia diski mpya Mwanza, kubwa mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Nimeiingiza, imekubali. Kompyuta inawaka vizuri, haitoi mlio hata kidogo. Kidomo cha flopi nimekisafisha, vumbi lililotoka lingefaa kupelekwa mwaloni mkalioshe, huenda mkapata chembe ya dhahabu.

Sasa nashughulika na ile diski ya zamani. Nitakuandikia.

Mwambie mzee Makoye nimepokea salamu zake na nimezirudisha maradufu.

Gulnaz


Runzewe,
9 Desemba 1997

Gulnaz mwanangu,

Wabeja! Kisukuma ndicho chenye asante inayotosha leo, ingawa mimi ni Msumbwa.

Barua yako niliisoma mbele ya kikundi chote pale karashani. Nilipofika pale uliposema inawaka vizuri na haitoi mlio, watu walipiga makofi. Mama mmoja anayeuza uji alipiga vigelegele bila kujua tunashangilia nini. Hiyo diski ya zamani usihangaike nayo sana, hata ukiitupa hatutadai.

Mabula amefurahi kuliko wote. Alisema, "Basi kazi imekwisha, vipimo vipo, tusikae tukitazama mvua." Kwa kuwa kompyuta imepona, wamekubaliana waanze Jumatatu tarehe kumi na tano, upande wa magharibi, pale ambapo wanakumbuka kuwa pako salama. Watachimba juu juu kwanza, na kompyuta ikifika tutahakikisha kabla hawajaenda chini sana. Mimi nilipenda wangoje. Lakini kwa habari yako njema nilikosa neno la kuwazuia.

Tuma haraka unavyoweza.

Salvina


Shinyanga,
12 Desemba 1997

Mama Rosemary,

Wasichimbe!

Barua hii nampa dereva wa lori la pamba anayeondoka sasa hivi, na nimekimbia kwa masista nikawaomba waseme na misheni ya Ushirombo kwa redio kol, wamtume mtu wa baiskeli kwako. Chochote kitakachotangulia, kishike: wasichimbe.

Kompyuta imepona, lakini ni tupu. Nilipokuandikia kuhusu diski mpya nilidhani tunaelewana. Diski mpya ni kama daftari jipya, halina neno hata moja. Kila ulichoandika kiko kwenye ile ya zamani, ile unayosema niitupe. Na hiyo ya zamani, mama, tangu ifike haizunguki kabisa. Naipa umeme, inanyamaza. Hilo sikukwambia tarehe mbili. Nilitaka nikuandikie ikiwa imeshapona ili usilale na wasiwasi. Tazama nilichokifanya.

Sijaitupa. Imo kabatini, imefungwa kwenye kitambaa kikavu. Zahid anasema huenda sahani imegandana na kichwa, na kwamba kuna njia ya kuinasua, lakini huenda ikaamka mara moja tu na kwa muda mfupi. Kwa hiyo nahitaji jibu lako kabla sijaigusa: nikipata nafasi ndogo, nitoe faili lipi kwanza? Niandikie majina kama ulivyoyaandika mwenyewe, kwa mpangilio wa umuhimu. Mimi siwezi kukuchagulia.

Nisamehe.
Gulnaz


Runzewe machimboni,
16 Desemba 1997

Kwa fundi wa kompyuta.

Mimi ni Mabula, mwenyekiti. Siandikagi barua ila leo nimeona niandike.

Jana tulikuwa tumeshasafisha majani na kuchimba hadi magotini. Akaja Mama Rosemary anakimbia kwenye tope, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui aliacha wapi. Akaingia ndani ya shimo akakaa. Akasema, "Chimbeni basi, mnipite." Sasa utamchimbaje katibu? Vijana walifoka, mmoja akamtukana, mimi nikamnyamazisha ila na mimi nilikuwa na hasira.

Tumesimama. Watoto huku wanakula mihogo ya maji asubuhi na jioni. Wewe uko dukani kwenye kivuli. Sikulaumu sana, ila ujue. Ukisema vipimo vipo, viwepo. Ukisema havipo, sema havipo, tutajua la kufanya. Hiki cha katikati ndicho kinachoua watu.

Mabula


Runzewe,
17 Desemba 1997

Gulnaz mwanangu,

Mtu wa baiskeli wa misheni alinikuta Jumatatu asubuhi nikisonga ugali, na barua yako ikafika jioni yake. Mengine najua Mabula amekuandikia, maana kalamu aliazima kwangu. Kiatu nimekipata.

Usijipige. Na mimi nilidhani kompyuta ni kama mtu, ukimtibu kifua bado anajua jina la mama yake. Hukuniambia yote, ni kweli. Lakini na mimi kuna jambo nimekuficha, na sasa ni haki ulijue.

Mzee Makoye hajakutumia salamu. Zile salamu niliziandika mimi. Tangu Oktoba amepooza upande wa kulia, na ulimi umefungwa. Amelala kitandani kwa binti yake, uso ameuelekeza ukutani. Sikuandika kwa sababu nilijua fundi akielewa kwamba hakuna tena mtu wa kumuuliza, mkono wake utakuwa mzito kwa hofu. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anambebea mwenzake mzigo kwa siri, na barabarani tumekaribia kumwangusha mtu wa tatu.

Basi, jibu langu. Nimekaa nalo siku mbili.

Kwanza toa MAGHARIBI. Huko ndiko vijana watakakokwenda, hata nikikaa shimoni mwaka mzima.
Baadaye MASHARIKI.
Baadaye BONDENI.
Barua za kikundi na kumbukumbu za mikutano ziache zipotee kama zitapotea. Tutagombana upya.

Mabula nimemwomba angoje hadi baada ya Krismasi. Kasema atangoja hadi nitakaposema mwenyewe. Nadhani lile la kukaa shimoni lilimgusa kuliko anavyokubali.

Fanya unachoweza. Mungu akuongoze mkono.

Mama Rosemary


Shinyanga,
8 Januari 1998

Shikamoo Mama Rosemary,

Barua yako ilikaa Kahama sikukuu nzima kwa sababu ya barabara. Sasa nakueleza yote kama yalivyokuwa, bila kupunguza.

Juzi asubuhi niliandaa meza. Diski mpya mahali pake, na ile ya zamani pembeni, nyaya zikiwa wazi ili niweze kuishika mkononi. Flopi nilizipanga. Baba aliazima jenereta kwa jirani mwenye mashine ya kukoboa, kwa sababu umeme wetu nao tunaujua. Kisha akafunga mlango wa duka na kusimama nje kwenye manyunyu, akiwaambia wateja warudi mchana. Tulikuwa tumefunga Ramadhani wote wawili, midomo mikavu.

Niliiweka diski juani kwanza, nusu saa ya jua tuliyojaliwa, ipate joto. Zahid alishanieleza kwa simu: usiigonge, ishike bapa kiganjani, uipe umeme, kisha uizungushe ghafla kama unayefungua kifuniko cha chupa, na kuirudisha. Nilifanya. Kimya. Nikafanya tena. Kimya. Baba akachungulia dirishani.

"Gulnaz, ukiivunja je?"

"Baba, imeshavunjika."

"Basi usiiogope."

Mara ya tatu nilisikia kitu kimeachia, tik, halafu mlio mdogo unapanda, unapanda, kama jiko la mafuta ya taa likishika moto. Niliandika MAGHARIBI. Ikaja. Nikaiweka kwenye diski mpya, nikaiweka na kwenye flopi, nikaifungua nione kwamba si jina tu. Nikasoma mstari wa kwanza: duara la Nshoma, njia mbili, ya kusini ina maji. Nikalia na huku nachapa.

MASHARIKI ilianza kutoka. Ilipofika katikati, karanga zikaanza kumenywa. Halafu mkwaruzo. Halafu kimya, na safari hii hakuna kilichoiamsha, nimejaribu jana na leo.

Kwa hiyo: Magharibi yote unayo. Mashariki nusu yake. Bondeni hakuna. Huu ndio ukweli wote, sijabakiza kitu.

Nimechapa kwenye karatasi nakala kadhaa. Moja nimeiweka hapa kwetu, pamoja na flopi moja. Nyingine mpe padre wa Ushirombo. Siku zote kazi yako iishi kwenye nyumba zaidi ya moja. Kompyuta anakuja nayo Gregory.

Msalimu mzee Makoye, na safari hii mpe kweli.

Gulnaz


Runzewe,
24 Januari 1998

Gulnaz mwanangu,

Daraja lilikuwa limezama, abiria wakashuka, Gregory akavuka na kompyuta kichwani maji yakiwa kifuani. Mabula alikuwa ng'ambo akimsubiri. Alikuwa ameshinda pale tangu juzi yake, kila basi likija analitazama, ila kwa mdomo anasema alikwenda kununua tumbaku.

Karatasi tuliifungulia mlimani. Nilipima kutoka kwenye jiwe la alama, Mabula ameshika ncha ya futi kamba. Ncha hiyo ikaenda ikasimama ukingoni mwa lile shimo lao la magotini. Nikamsomea: "Duara la Kabadi. Limezibwa kwa magogo na udongo. Kina kirefu, maji."

Mabula akachukua mtaimbo, akaingia, akauchoma. Ukazama kidogo, ukagoma. Akauchoma tena kwa nguvu zote, ukaingia wote hadi akapiga magoti, na pale ulipopita ikapanda hewa ya baridi yenye harufu ya kutu. Tulimtoa kwa kamba. Kijana mmoja akadondosha jiwe kwenye tundu, tukasikiliza. Lilichukua muda, halafu maji. Yule aliyenitukana Desemba alivua kofia.

Mabula alikaa kwenye majani. "Ningeshuka mimi kwanza," akasema. "Mwenyekiti ndiye hufungua."

Sasa, habari za ile nusu ya Mashariki. Nilikwenda kwa mzee Makoye na karatasi, nikaketi kitandani, nikamsomea salamu zako. Nikamweleza kwamba nusu ya kazi yetu imepotea. Aligeuka kutoka ukutani, Gulnaz. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokosea kusoma dira. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha mlango.

Vijana walimpandisha kwa mkokoteni wa ng'ombe, wamemkalisha kwenye magunia. Tulikwenda taratibu. Ninaposimama pasipo sahihi anatikisa kichwa. Ninapokuwa sahihi anainua mkono. Kina anakionyesha kwa vidole. Jina ndilo lilikuwa gumu: tunamtajia majina, la huyu, la yule, mpaka mkono unyanyuke. Jana, kwenye duara moja kando ya mkuyu, hakungoja tumtajie. Midomo ikahangaika muda mrefu, mate yakamtoka, binti yake akataka kumfuta, akamsukuma. Akasema, "Mdogo wangu."

Nilikuwa sijui. Miaka mitatu tumelipita duara lile, alikuwa ananiambia jina na kina tu, tunaendelea. Mdogo wake yumo humo. Nimeandika. Tumepanga mawe kuzunguka, hakuna atakayechimba hapo.

Binti yake anasema jioni aliomba uji, na leo amedai kupelekwa mapema. Bondeni bado. Mvua ikipungua tutakwenda.

Kila jioni naandika kwenye kompyuta, kisha natia kwenye flopi. Flopi moja anaitunza Mabula, ameifunga kwa nailoni na kuificha ndani ya debe la mtama. Nimemwambia panya wapo. Anasema panya wa kwake wana adabu.

Mama Rosemary


Shinyanga,
2 Februari 1998

Shikamoo Mama Rosemary,

Idi ilitukuta na barua yako. Baba aliwasomea wageni wote, pamoja na ile ya panya wenye adabu. Alipofika kwa mdogo wake mzee Makoye akavua miwani, akampa mama amalizie.

Zahid ananiuliza kama diski ile ya zamani niitupe. Nimeifungua. Sahani yake ina mkwaruzo wa mviringo, mwembamba kama unywele. Kitu kidogo hivyo. Nimeiweka mezani ili kila anayeniletea kompyuta inayolia karanga nimwonyeshe kabla hajabisha.

Flopi mpya ninazituma na barua hii, zigawe kwenye nyumba. Mwambie mwenyekiti jibu langu ni hili: vipimo vipo. Na siku ambayo havipo nitasema havipo.

Barabara ikikauka nataka nije niuone mlima. Nitavaa viatu vya kufunga kamba.

Gulnaz


Runzewe,
20 Februari 1998

Gulnaz mwanangu,

Barua fupi, Bujiku ameshawasha basi na anapiga honi kwa ajili yangu.

Duara jipya limefunguliwa, mbali na yote ya zamani, mahali ambapo karatasi na mzee Makoye walikubaliana. Tumeweka matimba mazuri, magogo ya kushikilia kuta. Dhahabu bado, ni mawe matupu, Mabula anayalaani asubuhi na kuyabembeleza jioni. Vijana hawajachoka. Mzee Makoye anakaa kwenye kiti juu ya mlango wa duara, fimbo mkono wa kushoto, na hakuna anayeshuka kabla hajampungia.

Njoo. Kitanda kipo, viatu hata ukija pekupeku tutakuazima.

Jana jioni nilisimama pale nikiwahesabu wanapotoka, nyuso nyeupe kwa vumbi, wanasukumana na kutaniana. Sina habari kubwa zaidi ya hiyo. Wote walioshuka wamepanda.

Mama Rosemary